Walzi ya Mama Mkwe

Matano wa kijiji cha Munje hakuumbwa kutisha mtu. Tangu ujana wake, akigusa kinanda tu, kina mama hufunga leso viunoni na wazee waliokwisha kujikalia huanza kutikisa magoti. Alianzia harusi za Msambweni, akapanda mpaka Ukunda, na sasa ndiye mpiga kinanda wa hoteli moja ya Diani, shati jeupe, kofia ya kutarizi, meno yote nje. Mpe wimbo wa mtu aliyeachwa na mke, aupige. Ukifika ubeti wa pili yule mke amesharudi na wanacheza. Hata hafanyi kusudi. Ndivyo mikono yake ilivyo.

Sasa basi, mwaka huu Oktoba ikaingia na balaa lake. Msimamizi wa burudani pale hotelini, kijana mmoja aitwaye Quincy, mwenye mawazo mengi kuliko usingizi, akaamua kwamba kila Jumamosi kutakuwa na karamu ya kutisha. Taa zizimwe, mishumaa iwashwe, vitambaa vya meza viwe vyeusi, wageni wavae barakoa. Alikuwa ameona kwenye filamu watu wenye barakoa wakicheza walzi, ile dansi ya mapigo matatu, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, naye akaitaka. Lakini hakutaka walzi hivi hivi.

"Nataka jazi," akawaambia wanamuziki wake. "Jazi yenye kiza. Kitu kipya kabisa. Mgeni akiwa anakula, asite, ageuke atazame nyuma yake. Mnaweza, ama nitafute DJ?"

"Hiyo ndogo," Matano akajibu.

Mdomo huo, jamani. Hakuna aliyemlazimisha. Wenzake wawili wakamgeukia pamoja: Jethro, mpiga dramu, kijana wa bara aliyekuja Ukunda kutembea akasahau kurudi kwao, na Claire, mpiga saksafoni, mwanamke wa maneno machache aliyefunzwa na bendi ya kanisa. Wote wawili walijua kwamba Matano hajawahi kutunga kitu maishani mwake. Lakini kuna jambo ambalo hawakulijua, maana alikuwa amemwambia mkewe Husna peke yake: lilikuwa likimuuma. Nywele zimeanza kuota mvi, miaka yote amepiga nyimbo za watu, na hakuna hata moja ambayo mtu akiisikia dirishani atasema, hiyo ya Matano. Alitaka moja tu. Hata iwe ya kutisha.

Akaanza. Akatafuta sauti za huzuni, akashuka noti za chini kule ambako kinanda hunguruma, akakunja uso. Jethro akasikiliza mpaka mwisho, vijiti kwapani.

"Buda," akasema, "hii ni ya birthday."

Akarudi tena siku ya pili na nyingine. Hiyo ikamkuta Claire mlangoni, akaingia akicheza, miguu yenyewe, bila kukusudia, na alipogundua akasimama na kuomba radhi. Ya tatu mpishi alitoa kichwa dirishani akauliza ni nani anayeoa. Matano masikini alianza kutafuta vitisho. Akaenda kupita karibu na makaburi kwa miguu, akakutana na mzee wa msikiti wakaongea habari za mbuzi, akarudi amefurahi. Akatazama filamu ya mizimu kwenye simu ya Jethro, akacheka mpaka akakohoa.

"Tatizo lako hujaogopa," Claire akamwambia. "Wewe unaogopa nini, Matano?"

Akafikiri kwa kweli. Nyoka? Anawapisha wanapita. Bahari? Amezaliwa mlangoni pake. Mauti ni haki. Akaenda nyumbani amenyong'onyea.

Na hapa lazima nikueleze kuhusu nyumbani kwa Matano, maana asiyejua hatoelewa. Matano alijenga katika kiwanja cha wakweze. Watu walimcheka wakachoka, akajenga. Nyumba ya mama mkwe wake, Bi Mwanapili, iko pale pale, unavuka uwanja wenye minazi umefika. Na katika ukoo ule heshima ya mkwe si mchezo. Mwanamume hakai mahali alipo mama wa mkewe. Hamtazami usoni, hali mbele yake, haongei naye ila kwa kupitia mtu. Mama mkwe akiingia kwa mlango wa mbele, yeye hutoka kwa mlango wa nyuma. Wakikutana njiani, mmoja huingia vichakani na kusubiri. Ndiyo adabu, na Matano ameishika tangu siku ya nikaha mpaka mtoto wao Fauzia sasa anavaa viatu vya mamake. Ukimuuliza Bi Mwanapili ana sura gani, hawezi kukwambia. Anajua buibui lake kwa mbali, basi.

Lakini anamjua kwa sauti. Lo, anamjua. Bi Mwanapili hutembea na bakora, na mguu wake mmoja huburura. Kwanza bakora: ndu. Kisha ndara ya mguu mzima: cha. Kisha kimya kidogo, kimya cha kukukausha koo, na ndara ya mguu mbovu ikija inajikokota: shaaa. Ndu, cha, ... shaaa. Mtu ukiwa ndani umekaa na fulana, sahani mapajani, unausikia mwendo huo ukivuka uwanja, huna hata nafasi ya kumeza.

Alasiri ile Matano alikuwa ameketi sebuleni akila wali wa nazi na samaki wa kupaka, mkono umezama, mawazo mbali. Ndu. Akainua kichwa. Cha. Akasimama. Na ile shaaa ilipofika yeye alikuwa ameshapita jikoni na sahani yake, ameruka beseni la nguo, amejibanza nyuma ya choo cha nje, mgongo ukutani, mchuzi ukimtiririka kiwikoni. Ndani akamsikia mkewe akimwamkia mamake, na mamake akiuliza kama wamo salama.

Hapo ndipo alipotazama chini akaona vidole vyake vinapiga juu ya ukingo wa sahani. Ndu, cha, shaaa. Ndu, cha, shaaa. Moja, mbili, na tatu inayochelewa.

Nakwambia yule bwana alicheka kimya kimya nyuma ya choo mpaka wali ukamwagika. Mapigo matatu! Anaogopa, tena anaogopa sana, kila siku ya Mungu, na hakuwahi kuliita jambo hilo woga kwa sababu linaitwa heshima. Hakumaliza chakula. Alipanda bodaboda akiwa na mkono mmoja haujanawa, na mwenye bodaboda akamuuliza kama ameshinda kitu, kwa vile alivyokuwa akichekacheka na kumgonga mabega kwa vidole njia nzima mpaka Diani.

Wimbo ukatoka kama maji. Mkono wa kushoto ukawa bakora, chini kabisa, nzito. Jethro akapewa ndara: akapiga cha kwa kijiti, na shaaa akaiburuza kwa brashi za waya juu ya ngozi ya dramu, lakini Matano akamkataza asiiwahi.

"Ichelewe," akamwambia. "Si hapo. Bado. Msubirishe mtu. Bado... hapo."

"Msee, ikichelewa hivyo mtu ataanguka."

"Na aanguke."

Claire akaingia juu na saksafoni, sauti nyembamba isiyojua inakwenda wapi, ikichungulia, ikirudi, kama mtu anayetafuta mlango wa nyuma katika nyumba ya wenyewe. Walipomaliza mara ya kwanza Jethro akajipangusa mikono yake iliyosimama vinyweleo, akasema hiyo si ya birthday.

Jumamosi ikafika. Mishumaa, vitambaa vyeusi, wageni na barakoa zao wakichokora kamba wa kuchoma. Matano akashusha mkono wa kushoto. Ndu. Cha. Na ile tatu ilipochelewa, ukumbi mzima ukashika pumzi. Na ilipokuja, mama mmoja wa kizungu akadondosha uma. Watu walianza kutazama mlangoni. Wengine waliinuka kucheza, lakini kila hatua ya tatu walibaki na mguu mmoja hewani, hawajui waushushe lini, wakishikana kwa hofu na kuchekacheka kama watoto gizani. Quincy alisimama karibu na jiko la nyama akapiga ngumi hewani. Na Matano, mtoto wa Munje, juu ya jukwaa lake dogo, alikuwa karibu kupasuka kwa furaha. Ni wake. Kila noti ni yake.

Furaha hiyo ndiyo iliyomzuia kuona jambo moja. Miongoni mwa wahudumu wa meza palikuwa na msichana aitwaye Kahaso, jirani yao kule Munje. Kahaso alikuwa akipita na sinia la glasi wimbo ulipoanza. Pigo la kwanza, akasimama. La pili, akavuta mtandio wake ukakaa sawa. La tatu lilipoburura, alisogea kando ya njia, akaweka sinia chini, akainamisha kichwa, akasubiri mtu mzima apite. Hakupita mtu. Kahaso akainua macho akamtazama Matano kwenye kinanda, kisha akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Siku iliyofuata Munje nzima inajua. Mtu akikwambia habari huenda kwa simu siku hizi, mwambie haijui Munje. Wasichana waliupiga kwa vijiko kisimani, mwuza mbaazi akaupiga kwa kifuniko cha sufuria, na Bi Mwanapili mwenyewe alipotoka kwenda kwa jirani, watoto wakamfuata nyuma kwa msururu, ndu, cha, shaaa, kila mmoja na kijiti chake, wakicheka mpaka wakaanguka. Bi Mwanapili akasimama. Akageuka. Watoto wakapotea kama walioyeyuka.

Husna alimngojea mumewe mlangoni, na uso ambao Matano hakuwahi kuuona kwake.

"Baba Fauzia. Umemtia mama yangu kwenye kinanda."

"Mama Fauzia, nisikilize..."

"Wazungu wanakula kamba wanamcheza mama yangu. Mguu wake mbovu. Unaujua ule mguu unavyomtesa? Mimi mwenyewe silijui jibu nitakalompa." Akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Ameuliza. Amesema anataka kuusikia. Akishausikia atasema neno lake, na atakalosema ndilo."

Matano akakaa kitako pale pale kizingitini. Sasa alikuwa ameelewa kilichoko. Bi Mwanapili akisema wimbo ufe, utakufa; hakuna mkwe katika ukoo ule anayeweza kupinga hilo na akabaki mtu. Na akisema zaidi ya hapo, akasema mtu aliyemvunjia heshima asikae katika kiwanja chake, Husna atafuata nani? Kwa mara ya kwanza alikuwa na kitu chake, na alikuwa amekitengeneza kwa kumwibia mtu ambaye hata hajawahi kumtazama. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Lakini nikwambie ukweli wake, kwa kuwa hakuuficha hata kwa mkewe: bado aliupenda wimbo ule.

Wakakubaliana iwe mchana, siku ya mazoezi, wakati hotelini hakuna vishindo. Bendi hufanyia mazoezi katika stoo ya vitanda vya kuotea jua, chumba kirefu chenye harufu ya mafuta ya wageni. Matano alifika mapema akageuza kinanda kikaelekea ukutani.

"Kwani tunapigia ukuta?" Jethro akauliza.

"Anakuja mama mkwe wake," Claire akamjibu. "Nyamaza."

Ndu, cha, ... shaaa. Mwendo wenyewe unakuja kwenye ujia wa saruji, wa kweli, hauna kinanda. Jethro akavua kofia yake. Matano akaketi, mgongo kwa mlango, akautazama ukuta ule hadi akaujua kila ufa. Nyuma yake akasikia kiti kikivutwa, buibui likikaa, Husna akisema polepole, "Tayari."

Akapiga. Hakuweza kufanya jingine. Vidole vilikuwa vya baridi lakini vilijua njia. Ndu. Cha. Alipofika pale pa kuchelewa alitamani aruke, awahi tu, apunguze kosa, lakini hakuweza kuudanganya wimbo wake. Akauacha uchelewe kama unavyochelewa. Claire akachungulia na saksafoni yake, akarudi, akachungulia. Wakafika mwisho, Jethro akaburura brashi ya mwisho, ikanyamaza.

Matano akasubiri bakora. Akiinuka kwa hasira, ataisikia. Akiondoka, ataisikia. Hakusikia kitu. Akasubiri zaidi, jasho likamshuka mgongoni.

"Mama Fauzia," akauambia ukuta, "mama asemaje?"

Mkono ukashuka juu ya kinanda, karibu na mkono wake, mkono wa kizee wenye hina iliyofifia kwenye kucha na pete ya fedha iliyolegea. Kidole kikabonyeza noti ya chini kabisa. Ndu.

Alikuwa amevuka chumba kizima bila sauti yoyote.

"Shi... shikamoo, mama," Matano akasema, macho yamegandia kwenye noti.

"Marahaba, mwanangu." Sauti yake ilikuwa laini kuliko alivyowahi kuisikia kupitia ukuta. "Mguu wangu ni mzima. Usimwambie mtu."

Nyuma kabisa Husna alitoa sauti ya mtu aliyemeza kitu kwa njia mbaya.

"Ulipooa kwetu," Bi Mwanapili akaendelea, taratibu, kama anayemsimulia mtoto, "siku za mwanzo nilikuingilia ghafla ukiwa unakula. Ukataka kukimbia na tonge mdomoni, ukapaliwa, ukageuka rangi. Nikasema, huyu kijana wa watu tutamuua kwa heshima. Nikaichukua bakora ya marehemu baba yao. Nikitoka kwangu nagonga, ili usikie. Nagonga tena, ili usimame."

"Na... na kuburura, mama?"

"Kuburura ndiko kukungojea. Nilikuwa nakuongezea muda uchukue sahani yako."

Matano akautazama mkono ule wa kizee. Ile tatu inayochelewa. Ile aliyomfokea Jethro kwa ajili yake, ile iliyodondosha uma wa mama wa kizungu, ile iliyomkausha koo alasiri ngapi. Ilikuwa ikimsubiri yeye.

"Basi upige wimbo wako," mama mkwe akasema. "Watishe wageni, ndiyo kazi. Lakini mimi nimechoka kugonga, na mkono unaniuma kweli sasa, si wa uongo. Nikija kwenu nataka nikukute. Ukae, ule, tuongee. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya. Piga tena, nikiwa hapa hapa."

Akapiga. Ndu, akashusha mkono wa kushoto. Cha, Jethro akajibu, macho yamemtoka. Na pale pa kuchelewa palipofika, palipochelewa, palipongoja, Matano akaanza kucheka. Hakuweza kujizuia. Alicheka na machozi yakimshuka, mikono ikizidi kwenda, kila tatu ikija na kicheko chake, na saksafoni ya Claire ikitetemeka juu kwa kuwa Claire naye alikuwa amekwisha kwa kicheko. Husna alikuwa ameketi juu ya kitanda cha kuotea jua, leso usoni, mabega yakiruka.

"Buda," Jethro akasema kwa sauti ya chini, "ukicheka hivyo ndiyo inatisha kabisa. Jumamosi cheka hivyo hivyo."

Matano akaachia kinanda. Akageuka kwenye kigoda chake, shati limelowa, akainua kichwa polepole kama anayenyanyua kitu kizito, akamtazama Bi Mwanapili usoni. Ana macho ya Husna. Ana kipaji cha uso kile kile cha Fauzia, na pengo dogo la jino pembeni ambalo hakuna mtu aliyewahi kumwambia habari zake. Hakugeuza uso. Naye akamwacha amtazame.